Mgonjwa asiyeweza kusafiri: namna ya kuomba tathmini ya PIP ifanyiwe nyumbani

Swali la msomaji: "Naishi Uingereza zaidi ya miaka kumi sasa, nina ukazi wa kudumu. Nina selimundu tangu utotoni, na siku hizi nyonga ya kulia imeharibika, natembea kwa magongo. Nimeomba PIP, ile posho ya serikali ya Uingereza kwa wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu. Nimeletewa barua niende kituoni kwa tathmini saa tatu na nusu asubuhi, mabasi mawili kutoka kwangu, na baridi hii. Nilipiga simu nikaomba waje nyumbani. Dada aliyepokea akasema kutembelewa nyumbani ni kwa watu wasioinuka kitandani, nichukue teksi. Mume wangu anasema tusiende tu, watajua wenyewe. Na mimi nina hofu nyingine: wakija wakaikuta nyumba safi na watoto wamependeza, si watasema siumwi? Nifanyeje?"

Jibu:

Dada yangu, pole kwa maumivu, na pole kwa hiyo simu. Nianze na shauri la shemeji, maana ndilo lenye hatari kuliko yote: usikae kimya ukaacha tarehe ipite.

Kanuni za PIP za mwaka 2013, kanuni ya 9, zinasema ukiitwa kwenye tathmini usipohudhuria bila sababu ya msingi, ombi lako linakataliwa. Hawaangalii tena nyonga wala selimundu, wanafunga faili. Ni kweli kanuni ya 10 inawalazimu kuzingatia afya yako na aina ya ulemavu wako kabla ya kusema sababu yako si ya msingi. Wako waliokosa miadi kwa ugonjwa wakaeleza na wakasikilizwa. Lakini unakuwa umebadilisha kesi. Badala ya kueleza unavyoishi, unaanza kueleza kwa nini hukutokea, unaomba uamuzi uangaliwe upya, pengine mpaka baraza la rufaa. Na hata ukishinda hapo, kwa ombi jipya kama lako hujapata posho bado. Umeshinda haki ya kurudi kwenye tathmini ileile uliyoikimbia. Miezi mingapi imepotea, na pango linadaiwa.

Kwa hiyo leo hii piga simu namba iliyo kwenye barua, uwaambie huwezi kufika tarehe hiyo kwa sababu ya afya, unaomba tathmini nyumbani, na uthibitisho unaandikwa. Kwa kawaida wanakubali kusogeza tarehe mara moja, kwa hiyo usiitumie nafasi hiyo kununua wiki moja halafu ukae. Andika kwenye daftari jina la uliyezungumza naye, siku, saa na alichosema. Kisha siku hiyohiyo yaandike hayohayo kwa barua au baruapepe. Ukituma kwa posta, omba pale dirishani karatasi ya kuthibitisha umetuma. Ni bure, na nimeona kikaratasi hicho kikiokoa ombi zima.

Sasa huyo dada wa simu. Usimkasirikie, anasoma anachokiona kwenye skrini, ila si yeye mwenye kauli ya mwisho. Wanaofanya tathmini si Idara ya Kazi na Pensheni yenyewe, ile DWP. Ni makampuni yenye mkataba nayo, na tangu 2024 kila eneo lina lake: Maximus kaskazini mwa England, Capita katikati na Wales, Serco kusini-magharibi, Ingeus London, kusini-mashariki na mashariki. Kampuni ndiyo inayoamua tathmini ifanyike wapi na kwa njia gani. Afisa wa DWP ndiye anayeamua kama utalipwa, na kiasi gani. Ndani ya kampuni wako wataalamu wa afya, yaani manesi, wataalamu wa tiba ya viungo, maparamediki. Omba waziwazi kwamba ombi lako la kutembelewa lipelekwe kwa mmoja wao alisome, lisiishie kwenye dawati la kupanga miadi.

Hayo ya "wasioinuka kitandani" si kanuni. Sheria inaruhusu tathmini kwa simu, kwa video au ana kwa ana. Mwongozo ambao DWP imewapa makampuni haya unazungumzia mtu asiyeweza kusafiri kwa sababu za kiafya. Haudai awe amelala kitandani. Mwongozo huohuo unasema mtu asipangiwe kituo ambacho safari yake kwa basi au treni inapita dakika 90 kwenda tu, kwa hiyo pima na hilo. Ila nisikudanganye: hakuna kifungu kinachokupa haki ya moja kwa moja ya kufuatwa nyumbani. Ulicho nacho ni haki ya ombi lako kupimwa kwa uzito wake, na Sheria ya Usawa ya 2010 inayowataka watoa huduma wafanye marekebisho yanayofaa kwa mtu mwenye ulemavu. Kwenye barua yako tumia maneno yao yenyewe ya Kiingereza, "reasonable adjustment". Wanayajua vizuri, na yanafanya barua isiwekwe chini ya rundo.

Hapa ndipo watu wetu wengi wanapokwama. Wanaandika: "Ninaumwa sana, siwezi kusafiri." Msomaji wa barua anauliza: anaumwa nini, safari ina nini, na mbona kliniki anakwenda? Inabidi uieleze safari, hatua kwa hatua, na zaidi ya safari uieleze kesho yake.

Chukua hali yako. Kutoka mlangoni mpaka kituo cha basi ni mita ngapi, na unasimama kupumzika mara ngapi? Basi likichelewa unasimama kwenye baridi dakika ngapi kwa magongo? Selimundu inachokozwa na baridi, na uchovu, na kukosa maji mwilini. Lakini mtu anayekwenda safari ndefu bila uhakika wa choo hupunguza kunywa maji. Hilo watu huona haya kulisema, nalo ni la msingi kabisa kwenye ugonjwa wako. Kisha kukaa kwenye kiti kigumu chumba cha kungojea na nyonga ile, tathmini yenyewe saa moja au zaidi, halafu kurudi. Halafu eleza usiku wake: maumivu yalipanda saa ngapi, ulikunywa dawa gani, ulilala siku ngapi, mliishia idara ya dharura au la. Kama mwaka huu safari ya namna hiyo ilikulaza hospitali, taja mwezi, na uambatishe barua ya kuruhusiwa kutoka. Karatasi moja ya wodi ina nguvu kuliko kurasa tatu za kulalamika.

Na jibu la "chukua teksi" uwe nalo tayari. Teksi inaondoa mabasi. Je, inaondoa ngazi za nyumbani kwako, kiti cha kungojea, saa nzima ya kuhojiwa, au siku tatu za kulala baadaye? Ukieleza hivyo, hawana la kusema. Lakini kama kusema kweli teksi ya mlango kwa mlango ungeimudu, na tatizo ni pesa au basi, basi ombi lako sahihi si la kutembelewa. Nauli wanarudisha, na teksi wanaweza kuikubali ukiomba kibali kabla ya siku yenyewe. Usijipandie teksi ukadhani watalipa tu.

Swali la kliniki litakuja, sina shaka. Jibu kwa ukweli. Nani anakupeleka, kwa gari gani, umekosa miadi mingapi kwa kuumwa, mingapi imegeuzwa kuwa ya simu, na kama unatumia usafiri wa wagonjwa wa hospitali. Hospitali unakwenda kwa sababu usipokwenda utaharibikiwa zaidi, na bado unalipia kwa siku za kulala. Hiyo haipingani na ombi lako, mradi umeisema wewe mwenyewe kabla hawajaigundua wao. Anayeandika "sitoki nje kabisa" huku rekodi za hospitali zinaonyesha amefika kliniki kila mwezi, amejichimbia shimo kwa mkono wake. Andika kile unachoweza, kwa gharama gani, na baada yake nini.

Uthibitisho wa daktari ni wa lazima kwa vitendo, hata kama dada wa simu hakuutaja. Tofauti ya barua mbovu na barua nzuri ni kubwa. Mbovu ni ile ya mistari miwili: "Mgonjwa wangu ana selimundu na anasema hawezi kusafiri." Neno "anasema" limeiua barua, daktari amekuwa tarishi wako. Nzuri ni hii: "Nimemhudumia mgonjwa huyu tangu mwaka fulani. Ana selimundu na mfupa wa nyonga umekufa kwa kukosa damu. Hutembea mita chache kwa magongo kabla maumivu hayajamsimamisha. Kukaa muda mrefu na kukaa kwenye baridi humletea mashambulizi ya maumivu, na mwaka huu amelazwa kwa sababu hiyo. Kwa maoni yangu ya kitabibu, kusafiri kwenda kituoni kunahatarisha afya yake, na ninashauri tathmini ifanyiwe nyumbani." Mwandikie daktari hoja hizo kwenye karatasi, umpelekee. Wanashukuru, hawana muda wa kutunga.

Ila usianze na GP, yaani daktari wa mtaani kwako. Anza na nesi wa selimundu wa hospitali yako, kama unaye. Yeye ndiye anayekujua maumivu yakipanda, na mara nyingi barua yake haina malipo, wakati zahanati ya GP inaruhusiwa kutoza kwa barua za namna hii. Kama pesa ya barua haipo, omba nakala ya rekodi zako za matibabu. Hizo wanatakiwa wakupe bure, na nyingi utazipata kwenye programu ya simu ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa. Toa kurasa zinazohusu nyonga, kulazwa na dawa za maumivu. Usitume kila kitu. Msomaji aliyepewa kurasa 200 husoma tano, na hatachagua zile tano ulizozitaka wewe.

Barua yako mwenyewe isizidi ukurasa mmoja. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi, mtu akutafsirie au uiandike kwa Kiingereza chako ulicho nacho, hawatoi alama za sarufi:

"Nimepokea barua ya kuniita kituoni tarehe fulani. Ninaomba tathmini ifanyiwe nyumbani kwangu, kama marekebisho yanayofaa chini ya Sheria ya Usawa ya 2010. Nina selimundu na nyonga iliyoharibika. Natembea kwa magongo, mita kama kumi na tano, ndipo lazima nisimame. Kukaa kwenye kiti zaidi ya dakika ishirini kunaniletea maumivu makali. Baridi inanisababishia mashambulizi. Mara ya mwisho nilisafiri mwendo kama huo mwezi wa kumi, nikalazwa siku mbili baadaye. Karatasi ya hospitali nimeambatisha, pamoja na barua ya nesi. Teksi haiondoi tatizo kwa sababu kinachoniumiza ni kukaa, baridi na urefu wa siku yenyewe. Asubuhi mapema dawa zangu huwa hazijafanya kazi, naomba iwe baada ya saa tano. Ninaomba mkalimani wa Kiswahili. Nitakuwa na mume wangu. Tafadhali nijibuni kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo."

Mita na siku nimezitunga, weka zako za kweli. Na kabla hujazituma, toa nakala ya fomu uliyojaza mwanzo, ile ndefu ya jinsi ulemavu unavyokuathiri, uilinganishe na barua. Hili ndilo ningetaka ulikumbuke kuliko mengine yote: ombi la kutembelewa nyumbani ni sehemu ya ushahidi wako wa PIP. Litaingia kwenye faili, na afisa wa DWP atalisoma. Kwenye kipengele cha kutembea, mtu anayeweza kusimama na kutembea zaidi ya mita moja lakini si zaidi ya 20 anapata alama 12, na alama 12 ndizo za kiwango cha juu cha malipo. Mtu wa mita zaidi ya 20 mpaka 50 kwa msaada wa gongo au kifaa kingine anapata 10, bila kifaa anapata nane. Alama nane zinatosha kwa kiwango cha kawaida. Kama kwenye fomu uliandika "naweza mita mia mbili polepole", halafu kwenye barua unasema kumi na tano, mmoja kati yenu wawili ni mwongo, na wote wawili ni wewe.

Mara nyingi kosa liko kwenye fomu. Watu wetu wanaandika siku walipoamka vizuri, au wanahesabu umbali waliowahi kufika badala ya ule wanaoweza kuurudia. Sheria inauliza kama unaweza kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia-rudia, na kwa muda usiozidi mara mbili ya mtu asiye na ulemavu. Tena inaangalia hali yako kwa zaidi ya nusu ya siku za mwaka. Kama fomu ilikosewa, ielezee sasa, kwa barua hiyohiyo: "Kwenye fomu niliandika mita mia mbili. Huo ni umbali niliofika siku nzuri, nikasimama mara nyingi, na kesho yake sikuweza kutoka." Hilo linapokelewa. Kinachoharibu ni kuwaachia wagundue.

Na kinyume chake pia ni kweli: mtu anayejikaza, akafika kituoni huku meno yameumana, ripoti yake huandikwa "alifika kwa wakati, alitembea kutoka chumba cha kungojea bila kusimama, alikaa dakika hamsini bila dalili za maumivu". Hawaandiki kwamba ulilala siku tatu, kwa sababu hawakuwepo. Kama itabidi uende, basi mwambie mtathmini mwanzoni kabisa ulivyofika, dawa uliyokunywa ili ufike, na utakavyokuwa kesho, na kesho yake piga simu useme ilivyokuwa.

Kabla hujang'ang'ania nyumbani, zifikirie pia njia mbili nyingine. Tathmini nyingi za PIP zimekuwa za simu tangu korona mwaka 2020, ingawa serikali ilitangaza 2025 kwamba inataka za ana kwa ana ziongezeke. Na kama ushahidi wako unajitosheleza, wanaweza kuamua kwa karatasi tu, bila kukuhoji. Kwa hiyo barua inaweza kusema: naomba mwamue kwa karatasi kama inatosha, kama haitoshi, nyumbani. Simu je? Kwa mtu mwenye ugonjwa unaoeleweka na Kiingereza kizuri, simu haina ubaya. Kwako wewe nina wasiwasi nayo. Nyonga haionekani kwenye simu, mkalimani akiwa mtu wa tatu kwenye laini anafanya kila sentensi iwe fupi kuliko maisha, na wewe, kama unavyoandika, ni mtu wa kupunguza makali ya mambo. Nyumbani ataona kiti cha bafuni, vyuma vya kushikilia, kitanda kilichoshushwa sebuleni. Lakini kama watakupa simu na kukunyima nyumbani, na simu unaweza kuimudu, ichukue. Usipoteze ombi kwa ajili ya kanuni.

Sasa hofu yako ya nyumba safi. Nimeifurahia kwa sababu hakuna anayeisema, na ni ya kweli. Mtathmini si mkaguzi wa usafi. Atakachouliza ni nani aliyesafisha. Kama ni shemeji na binti yako mkubwa, sema hivyo. Usichafue nyumba kwa ajili yake, na usiisafishe zaidi ya siku nyingine.

Kinachotuponza sisi ni ugeni. Mgeni kaingia, ana mkoba na kitambulisho shingoni, na wewe mtoto wa watu umelelewa kwamba mgeni hakai mdomo mkavu. Unainuka, unajikokota jikoni, unarudi na birika na vitumbua. Yeye anaandika: "Aliinuka kutoka kwenye kochi bila msaada, aliandaa kinywaji cha moto, alibeba trei." Kuandaa chakula ni kipengele kimojawapo cha PIP, dada. Hiyo chai imekula alama. Mwache shemeji apike chai, kama lazima iwepo chai. Wewe kaa unavyokaa siku zote, na gongo lako liwe pale linapokaa siku zote, lisifichwe nyuma ya mlango kwa sababu wageni wanakuja.

Na salamu. Atakuuliza, "Hujambo leo?" na ulimi wako utakimbilia kumshukuru Mungu, kwamba hujambo, wazima wote. Mkalimani atatafsiri, kalamu itaandika kwamba mwombaji alisema yuko vizuri. Mshukuru Mungu, sikukatazi, kisha ongeza palepale: "lakini tangu saa tisa za usiku sijalala kwa maumivu." Methali ya mficha maradhi mnaijua. Kwenye PIP kilio hakisikiki, inaonekana sifuri kwenye karatasi ya alama.

Dawa kunywa kama kawaida. Kuna wanaoacha dawa siku hiyo ili waonekane wanaumwa. Ni ujinga na ni hatari, hasa kwako. Eleza badala yake: nimekunywa morfini saa mbili, ndiyo maana ninaweza kukaa, na ndiyo maana kila swali nauliza mara mbili. Shemeji akae karibu. Anaruhusiwa kuongezea, na mara nyingi mwenzi ndiye anayesema ya bafuni ambayo wewe hutayasema. Ila asikujibie kila swali.

Kuhusu mkalimani: ni bure, na omba sasa, si siku yenyewe. Usimtumie mwanao. Hutamwambia mtu habari za choo kupitia mdomo wa binti wa miaka kumi na tatu, wala yeye hastahili kuzibeba. Unaweza pia kuomba mtathmini mwanamke, na kurekodiwa kwa mazungumzo. Wengine wanaonisoma nyumbani kwao wanasema Kibajuni au Chimwini, au Kiswahili cha Lubumbashi. Semeni hivyo mapema, kuliko kupewa mkalimani wa Nairobi mkabaki mnaitikiana kwa heshima bila kuelewana.

Wakikukatalia, taka sababu kwa maandishi. Kwa kawaida huwa ni moja: ushahidi haukutosha. Basi ongeza ushahidi, omba tena, na fungua malalamiko rasmi kwa kampuni huku ukiijulisha DWP kwamba hujakataa tathmini, unaomba ifanywe kwa njia unayoiweza. Sentensi hiyo iwe kwenye kila karatasi, kwa sababu ndiyo itakayokusaidia kama siku moja utaulizwa kwa nini hukufika. Barua ya mbunge wako nayo husukuma mambo, ofisi zao zimezoea. Na kama ombi litakataliwa kwa kutohudhuria, una mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya, kisha mwezi mwingine wa kukata rufaa. Ukifika hapo usiende peke yako: Citizens Advice (shirika la ushauri wa bure), kituo cha sheria, au ofisi ya ushauri wa mafao ya halmashauri yako, kama ipo.

Wewe una ukazi wa kudumu, kwa hiyo hili halikuhusu, ila najua barua hizi zinasambazwa kwenye makundi ya simu: mwenye viza iliyoandikwa kwamba hana ruhusa ya fedha za umma asiombe PIP kabla hajaongea na mwanasheria wa uhamiaji, PIP ni mojawapo ya fedha hizo. Na kwa kawaida inatakiwa uwe umekaa nchini wiki 104 kati ya 156 zilizopita. Waliopewa ukimbizi hawahesabiwi hivyo. Walioko Scotland wana posho yao, inayosimamiwa na Social Security Scotland, wala haitumii makampuni haya. Huko mahojiano hufanyika pale tu wanapokosa taarifa kwa njia nyingine. Na mgonjwa ambaye daktari wake anaona huenda asimalize miezi 12, ana njia ya haraka isiyo na tathmini kabisa. Daktari au nesi anajaza fomu ya SR1.

Kama unajiuliza usumbufu huu ni wa nini: kwa mwaka wa fedha 2025/26 kiwango cha juu cha kutembea kilikuwa pauni 77.05 kwa wiki, na cha maisha ya kila siku 110.40. Hayaangalii mshahara wa shemeji wala akiba yenu.

Mtathmini akishaondoka, usikae kungoja uamuzi. Siku hiyohiyo andikeni wewe na shemeji aliyouliza na mliyojibu, na muda alioingia na kutoka. Baada ya wiki mbili hivi piga simu DWP uulize kama ripoti imefika, uombe nakala. Ni bure, na wanatuma hata kabla uamuzi haujatoka. Isome na daftari lako mkononi. Ukiona imeandikwa ulitembea mita hamsini na wewe hukutoka kwenye kochi, waandikie haraka, taja ukurasa, kabla afisa hajaiwekea sahihi.